Mpira Laini wa Rejeta

Kwanza tulisikia mlio mwembamba, kama mtu anayevuta chai ya moto kwa ncha ya midomo. Mama aligeuka kuniangalia kwenye kiti cha nyuma, akidhani ni mimi. Kisha kitu kikapasuka mbele yetu, pu, na kioo chote kikawa cheupe. Baba alisogeza gari pembeni ya lami kwa kukisia. Tukakaa ndani ya mvuke hadi ulipotawanyika.

Tulikuwa tumetoka Lundo alfajiri, tunapanda kwenda Mapera. Mama mkubwa, dada yake mama aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa anakata roho. Padre alikuwa ameshampaka mafuta. Aliyepiga simu alisema mgonjwa anamwita mama kwa jina lake la utotoni, na kwamba tusingoje kesho.

Baba alifungua boneti. Mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini, ulikuwa umechanika karibu na klipu inayoubana.

"Jana niliubinya," alisema. "Ulikuwa laini kabisa."

Ndivyo alivyoupima. Baba ni mtu wa ziwani. Maisha yake yote ameshika mipira ya baiskeli na ya pampu, na anajua kwamba mpira ukikakamaa na kufanya nyufa, umekufa. Huu haukuwa na ufa hata mmoja. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mpira wa rejeta huozea ndani pia, kimyakimya, na hapo ulaini ndio ugonjwa wenyewe. Ubinye injini ikiwa baridi, karibu na klipu. Ukibonyea kama parachichi lililopitiliza na usirudi, au ukiuona umevimba hapo, muda wake umekwisha. Siku hizi nabinya mipira ya kila gari ninalosafiria mbali, na wenye magari hunitazama kama mwizi.

Kule ufukweni gari lisingeweza kutuambia. Barabara zetu hazipandi sana, na mshale wa joto ulikuwa haujawahi kuvuka katikati. Kabla ya lami, hakuna ambaye angethubutu kuupanda mlima huu kwa gari dogo lenye umri kama wangu. Lami ilitupa moyo ambao gari halikuwa nao.

Baba alichana tyubu kuukuu ya baiskeli, akauzungushia mpira vipande vyake, akivikaza kwa meno. Mimi nilishuka na dumu hadi kwenye kijito.

"Tungoje injini ipoe," baba alisema niliporudi.

"Na dada yangu nimwambie angoje ipoe?" mama aliuliza. Halafu, kwa ule utani wao wa miaka yote, yeye wa milimani na baba wa ziwani: "Ninyi Wanyasa mlima mnauona kama wingu. Mnadhani utapita wenyewe."

Baba alicheka kidogo, lakini alingoja, kisha akajaza maji. Tulipanda kona mbili, na ule mlio ukarudi.

Safari hii hakungoja. Alifunika kifuniko cha rejeta kwa kitenge cha mama, akakifungua, na maji yakaruka yakamwunguza mkono hadi kwenye kiwiko. Hakulia. Alichukua vipande vya tyubu akaanza kufunga upya kwa mkono ule ule, ngozi ikimtoka, na fundo halikushika. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa bega. Mama alikuwa anainua simu juu, anatembea huku na huku barabarani akitafuta mtandao. Haukuwepo.

Lori tupu lililotoka kushusha saruji bandarini likasimama. Dereva akachungulia.

"Shikamoo mzee. Gari limechoka?"

"Marahaba. Halijachoka, linapumua."

"Linapumua kwa mdomo mpana, mzee." Akamwona mama, akaacha kutabasamu. "Shikamoo mama. Nafasi ninayo moja tu, huyu mwenzangu ameshakaa. Nafika Mbinga mjini."

"Marahaba, mwanangu. Huko nitapata pikipiki ya kunifikisha Mapera."

Baba alisimama, vipande vya mpira vikining'inia mkononi. "Mama, nipe kona moja tena. Nimeshalielewa sasa."

Mama alimtazama mkono, akamfuta jasho usoni kwa kiganja chake. Nikaona kwamba angependa kubaki.

"Mwekee maji baridi hapo," aliniambia. Kisha akamgeukia baba. "Mkifika mkinikuta ndani, nimewahi. Mkinikuta nimekaa nje, msiniulize kitu."

Alipanda, akikunja gauni lake la kanisani. Baba alimfuata hatua chache. Mlango wa lori haukushika mara ya kwanza. Mama akaufungua, akaubamiza tena kwa mikono miwili, ukashika.