Waume Wanne wa Bi Mwanaima

Bi Mwanaima wa Kilwa Masoko alikuwa na waume wanne, na wote tulikuwa tukisomea stashahada. Mume mkubwa alikuwa Optatus, kijana wa Kipatimu aliyeingia mjini na godoro moja na gunia la maharage. Wa pili alikuwa Klementi wa Likawage. Wa tatu alikuwa Deo, Mmakonde asiyesema sana. Wa nne nilikuwa mimi. Palikuwa pia na Stefania, aliyelala chumba kimoja na Bi Mwanaima na kuitwa mke mwenza.

Kila aliyelelewa na bibi anaelewa. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, humdai kanga za sikukuu, humtisha kwamba atamwacha aolewe na mwingine. Na mjukuu wa kike ni mke mwenza anayemwibia bwana. Bi Mwanaima hakutuzaa wala hakuwazaa wazazi wetu, lakini alikuwa na umri wa bibi na nyumba yenye vyumba vitatu, na aliona ni upungufu wa adabu kumwita mtu mpangaji.

Kodi yake ilikuwa ndogo kuliko zote tulizosikia mjini, kwa sababu sehemu kubwa tulilipa kwa mikono. Tulichota maji kwa zamu, tulikuna nazi kwa zamu, na tulikula chungu kimoja. Kila mmoja alileta kilichoota kwao. Optatus alileta maharage, Deo makopa ya muhogo, na Klementi alileta ufuta, debe baada ya debe, hadi tukawa tunatia ufuta kwenye uji, kwenye mchicha, na mara moja kwenye chai. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: hakuna kula peke yako barabarani. Aliyekutwa na sahani ya chipsi bila wenzake alihesabiwa kuwa ametoka nje ya ndoa.

Kila Jumamosi tulikwenda matembezi. Bi Mwanaima aliamini kwamba mwanafunzi asiyetembea ubongo wake huungua chini kama wali usiogeuzwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikwenda uwanja wa ndege, tukakaa nje ya uzio na mihogo ya kukaanga kusubiri ndege ije. Kwa miaka miwili tuliona tatu, na moja kati ya hizo haikutua. Bi Mwanaima aliisifu hiyo kuliko nyingine, akasema rubani wake alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Jumamosi ya pili tulikwenda Nangurukuru kutazama abiria wa mabasi ya Mtwara na Dar wanaposhuka kula. Yeye aliwaamkia asiowajua, akawauliza hali za watoto, na wengi walimjibu kwa kirefu wakidhani ni shangazi. Jumamosi ya tatu ilikuwa Kilwa Kivinje, kwenye majengo ya zamani ya Wajerumani, ambayo alikuwa ametugawia mirathi. Optatus alipata boma. Mimi nilipata ukuta mmoja uliobaki na mti ulioota juu yake, na niliambiwa nisilalamike kwa kuwa mimi ni mume mdogo. Jumamosi ya nne tulipumzika, yaani tulifua mapazia yote ya nyumba.

Lakini makazi hayo yalikaa juu ya sharti. Bi Mwanaima alikuwa na mtoto mmoja, Shamimu, mwalimu wa sekondari Mtwara, anayeishi ghorofa ya tatu. Tangu baba yake afariki, Shamimu alitaka kumchukua mama yake. Wakakubaliana hivi: maadamu kuna watu wanaolala katika nyumba ile, mama atabaki; siku nyumba itakapokuwa tupu, atahamia Mtwara bila mjadala. Bi Mwanaima hakutaka Mtwara. Masoko kulikuwa na kaburi la mumewe, kisima chake, na jirani aliyegombana naye kwa miaka thelathini kuhusu mpaka wa ua. Alituambia kwamba akiondoka, yule jirani atakuwa ameshinda.

Mwaka wetu wa mwisho, chuo kilianzisha fomu kwa wanafunzi wanaoishi mitaani. Mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kuijaza. Bi Mwanaima, aliyejifunza kuandika ukubwani katika darasa la kisomo na kujivunia herufi zake, aliifanya kazi hiyo peke yake mchana kutwa. Kipengele cha saba kiliuliza uhusiano wa mwenye nyumba na mwanafunzi. Aliandika kwa wanaume wanne, mmoja mmoja, Mume wangu. Kwa Stefania aliandika, Mke mwenzangu kwa marehemu.

Fomu zikaingizwa kwenye mfumo wa chuo kama zilivyo. Wiki iliyofuata Stefania, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, alitembelewa na wajumbe wa serikali ya wanafunzi waliomletea kilo mbili za sukari na kanga, wakampa pole ya msiba. Alijaribu kueleza. Wakamwambia wanaelewa, kila mtu huomboleza kwa namna yake.

Sisi wanaume tuliitwa ofisini kwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Modesti. Alikuwa mtu mpole. Alituambia kwamba na yeye alikuwa mume wa bibi yake hadi bibi huyo alipofariki, na kwamba anaujua utamu wa utani huo. Tatizo ni mfumo. Kwa mujibu wa mfumo, nyumba ya Bi Mwanaima si makazi ya wanafunzi tena bali makazi ya familia, na wanafunzi hawaruhusiwi kupanga katika makazi ya familia isiyo yao. Tukasema ni familia yetu, si ndivyo ilivyoandikwa? Akasema familia moja haiwezi kuwa na waume wanne, kwa hiyo angalau watatu kati yetu ni wapangaji, na mfumo hauwezi kujua ni akina nani. Wote tuhame ifikapo Ijumaa, la sivyo hatutapata namba za mtihani.

Optatus aliomba kosa lirekebishwe. Bwana Modesti akageuza kompyuta ili tuone. Kuoa, mfumo uliruhusu bila ushahidi. Kuacha kuwa umeoa kulihitaji kiambatisho, ama talaka ama cheti cha kifo.

"Kifo ni rahisi zaidi kukiingiza," alisema kwa huzuni, "ila marehemu hafanyi mtihani."

Tukachagua talaka. Talaka hutolewa mahakamani, na mahakama haimpokei mtu asiye na barua ya baraza la usuluhishi kwamba suluhu imeshindikana. Kwa hiyo Jumatano asubuhi Bi Mwanaima, waume zake wanne na mke mwenza walikwenda kwenye baraza la mtaa kutafuta barua ya kushindikana. Njiani alitupa maagizo. Tumseme vibaya bila kumwonea haya, tuseme ana mdomo, ana wivu, anapika chakula cha baridi. "Mkinihurumia leo," alituambia, "kesho kutwa naning'inia ghorofani Mtwara kama nguo iliyoanikwa."

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Ignasi, mwalimu mstaafu aliyevaa koti siku ile ya joto. Kwa bahati mbaya yetu, tangu mwaka uanze mashauri tisa yalikuwa yamefika mbele yake na yote tisa yaliishia mahakamani. Ilikuwa aibu iliyomkosesha usingizi. Alisoma karatasi ya chuo, akatuhesabu kwa kidole, akasoma tena. Katibu wake alimnong'oneza kwamba hii si ndoa. Mzee Ignasi alijibu kwa sauti kwamba serikali imeiandika, na baraza halipo kwa ajili ya kubishana na maandishi bali kwa ajili ya kupatanisha watu.

Akaanza na Bi Mwanaima. Waume hawa wana kosa gani? Hapo tuligundua kwamba mwenzetu hakuhitaji kujilazimisha. Alisema Klementi anakoroma hadi kuku wanahama. Alisema Deo akipewa ndoo hujaza nusu na kuita imejaa. Mimi nilisemwa kwamba nakula ukoko wote nikidhani sionekani. Mzee Ignasi alitikisa kichwa kila mara, akiandika, na tukaanza kuwa na matumaini.

Kisha akatugeukia sisi. Klementi alisema mke ana mdomo, na Bi Mwanaima akamwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Deo alisema chakula ni cha baridi. Mzee Ignasi akauliza ni cha baridi kwa sababu gani. Deo, ambaye hajawahi kusema uongo wa sentensi mbili, alijibu kwamba ni kwa sababu mke hakubali mtu yeyote aanze kula mpaka wote wamefika.

Mzee Ignasi aliweka kalamu chini, akauliza kama wanandoa hawa huwa wanatoka pamoja.

Stefania, aliyekuja kama shahidi, alisema huwa wanatoka. Mara ngapi? Kila Jumamosi. Wapi? Akataja uwanja wa ndege, akataja Nangurukuru, na alipofika kwenye mirathi ya Kivinje, katibu alikuwa amegeukia dirishani mabega yakimtikisika.

"Miaka thelathini na minane nimeoa," Mzee Ignasi alisema, "na mke wangu sijampeleka hata Nangurukuru."

Optatus alikuwa tegemeo letu la mwisho. Alisimama, akamtazama Bi Mwanaima, akafungua kinywa kumtukana. Alisema kwamba huyu mwanamke, wakati wa mitihani, humwamsha alfajiri kwa kumpigia sufuria mlangoni ili asome, na asipoamka huingia na kumsomea madaftari yake kwa sauti, kurasa nzima za takwimu asizozielewa. Alisema hayo kama shutuma. Kabla hajaimaliza akaketi.

"Mpumbavu wewe," Bi Mwanaima alimwambia taratibu, "umeniua."

Mzee Ignasi aliandika uamuzi kwa mkono wake mwenyewe, kwa furaha, ukurasa na nusu. Ndoa imesuluhishwa. Mosi, wahusika wote waendelee kuishi pamoja katika nyumba hiyo. Pili, mume wa tatu ajaze ndoo. Tatu, mke asihame nyumba ya ndoa bila ridhaa ya waume wote wanne. Akapiga mhuri mara tatu ingawa mara moja ingetosha.

Tulirudi kwa Bwana Modesti tukiwa tumeinamisha vichwa, kwa kuwa hatukuwa na talaka. Alisoma barua. Alipofika kwenye agizo la kwanza aliuangalia mhuri, akaugusa kwa kidole. Akatuambia kwamba kanuni ya chuo ni kanuni ya chuo, lakini hii ni amri ya baraza, na yeye ana watoto wanaosoma. Akatuandikia namba za mtihani.

Jumamosi Shamimu alishuka kwenye basi akiwa na mabegi mawili matupu. Jirani wa mpakani ndiye aliyempigia simu kwamba nyumba inakuwa tupu. Alitukuta wote uani tukipepeta ufuta. Mama yake hakumweleza lolote, alimpa barua tu. Shamimu aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena kama mwalimu anayetafuta kosa la sarufi, na hakulipata. Akatutazama mmoja mmoja, watu wadogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi, ambao kwa mujibu wa karatasi ile walikuwa baba zake.

Aliuliza kama tunaridhia mama ahame. Optatus alisema hapana. Klementi alisema hapana, Deo akatikisa kichwa, nami nikasema hapana.

Akakaa juu ya begi moja. Kisha akauliza, je, mama aje Mtwara wakati wa Idi tu, kusalimia.

Tuliingia ndani kushauriana. Deo alipendekeza siku mbili, Optatus tatu, na Stefania, ambaye hakuwa na kura, aliuliza nani atapika. Bi Mwanaima alibaki uani, ameinamisha macho kama mwali. Tulipotoka kutangaza siku tatu, Shamimu alikuwa tayari ametoa kalamu. Aliomba tuiandike hiyo ridhaa na kuitia saini wote wanne, kwa sababu, alisema, yeye si mtu wa kuvunja ndoa ya mama yake.