Bwana Shamba na Kikapu cha Bibi Hema

Aibu hii nisingeisimulia kwa hiari, ila mtaa mzima wa Kitete unaisimulia vibaya zaidi, basi bora mnisikie mwenyewe.

Bibi Hema, mama wa mhandisi jirani yetu, ametoka kwenye milima ya India, na wakulima wa kwao mvua zikikaribia huotesha nafaka kikapuni, ndani, gizani, siku ya kumi wazee hukata miche na kuwawekea watu kichwani kwa baraka. Safari hii akaotesha kikapu chake hapa Kitete; mbegu alizibeba kutoka shambani kwake na zilikuwa za mwisho. Siku ya tisa alikwenda Nzega na mwanawe, kurudi kesho yake alasiri, majirani tumeshaalikwa, akaniachia ufunguo kwa kuwa nina shahada ya kilimo (ajira bado).

"Nyunyiza maji tu, mjukuu wangu. Kingine usiguse."

Asubuhi nikanyunyiza, nikachungulia, miche yote ya njano. Mwenzenu nikiona njano situlii: mbolea imepungua? Ikifa wataniuliza nilisomea nini? Nikakitoa kikapu uani kipate jua, wasiwasi haukuisha, nikapanda bodaboda hadi Isikizya kumuuliza afisa kilimo, ambaye hakuwepo, nami (msomi) nikamsubiri.

Kurudi, wageni wamejaa uani, Bibi Hema kashafika, na mbuzi wa jirani yetu Bi Zuhura kazamisha kichwa kikapuni mpaka masikio.

Nikaanza kueleza habari za mbolea. Bibi akanikatiza.

"Njano ndiyo tunayoitaka," akasema taratibu. "Ndiyo maana inakaa gizani."

"Mbuzi wangu hana shahada," akadakia Bi Zuhura, "lakini kajua imeiva."

Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Bibi akainama, akakata vijiti vya miche vilivyosalia ukingoni, kimoja kimoja kwa kila kichwa, kisha akaniita mimi kwanza. Akaniwekea changu, akaomba kwa lugha yake huku mwanawe akitafsiri: niishi sana, nipate nguvu za simba, na akili za bweha.

Kufika hapo kwenye akili, Waislamu na Wamoraviani waliitikia "Amina" kwa nguvu hadi mbuzi akakurupuka.

Kijiti kile nimekihifadhi kwenye faili la vyeti. Na siku hizi nikiambiwa nyunyiza, nanyunyiza, natoka kinyumenyume, macho nimefumba.