Hema Lililovuja Bila Mvua

Kwa jina la Mola aliyeziumba pumzi akaziwekea njia, naanza.

Hema nililolishona kwa mikono yangu lilinyeshewa ndani, na nje hapakuwa na tone la maji.

Tulikuwa wanne katika kisa hiki. Mimi, fundi wa mahema. Mke wangu, mkaguzi wa karakana yetu. Binti yetu, daktari wa wanyamapori. Na mwenzake wa kazi, askari wa hifadhi, tuliyemwita Nyayo kwa umahiri wa kufuata alama za chui wa theluji.

Desturi yetu ilikuwa hii: nikimaliza kushona, mke wangu hujifungia ndani ya hema, akatafuta mwanga. Unapopenya mwanga, huziba.

Lile la binti yetu nililiwekea matundu mawili juu, yenye kofia za kuzuia theluji.

“Baba watoto, mwanangu anakwenda kwenye barafu, wewe unamwekea madirisha? Kwani anakwenda ufukweni?”

“Ni ya kupitisha hewa, mke wangu.”

“Na baridi nayo itapita wapi?”

Nilicheka, nikaenda kuswali. Niliporudi, hema lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye mfuko wake. Sikulifungua.

Adhuhuri moja simu ya setilaiti ikaita. Huko mlimani dhoruba ilikuwa imewafungia binti yetu na Nyayo hemani.

“Shikamoo, baba. Hema lako linavuja.”

“Marahaba. Linavujia wapi?”

“Dari nzima. Nyayo alisema wingu limeingia bila hodi.” Akacheka polepole, ulimi mzito.

Kicheko kile hakikunipendeza.

“Nyayo yuko wapi?”

“Amelala. Kichwa kilimuuma.”

“Jiko linawaka?”

“Tunayeyusha theluji, tupate maji ya kunywa.”

“Matundu ya juu yako wazi?”

Nikasikia akipapasa kitambaa.

“Hapana matundu, baba. Pameshonwa, pakapakwa gundi.”

Hapo nikafahamu. Yale maji yalikuwa pumzi zao wenyewe, zimekosa pa kutokea. Na moshi wa jiko, ule usioonekana, ulikuwa umekosa pia.

Mke wangu alisimama kando, akingoja zamu yake ya kumsalimu mwanawe.

“Zima jiko, mwanangu. Chukua kisu, ukate hema.”

“Nikate kazi yako?”

“Kata. Pasua ukuta mzima, umtoe mwenzako kichwa nje.”

Nikausikia upepo ukiingia.

“Kuna nini?” mke wangu akaniuliza.

“Wanafungua hema, wapate hewa.”

Binti yetu alirudi mzima. Nyayo alirudi hai, lakini moshi ulikuwa umemchukulia kumbukumbu. Huwatazama wanawe kwa adabu, kama wageni.

Siku ya kurudi, mama alimshika binti yake mikono yote miwili.

“Hukupigwa na baridi, mwanangu?”

Binti akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yake.

“La, mama. Hema lilikuwa na joto.”

Mke wangu akafurahi. Akaishi na furaha hiyo hadi alipotangulia mbele ya haki mwaka huu. Binti yetu ndiye aliyeniambia: sasa andika, baba, wanaoshona na wanaolala humo wajue.

Basi jueni: unayempenda, mkinge na baridi, lakini usimzibie hewa.

Mola amrehemu aliyetutangulia, amtulize Nyayo, awape subira mke na wana wanaojitambulisha kwake kila asubuhi, na atuhifadhi sisi tuliobaki. Amina.