Jaji Aliyesubiri Masikio Yaote

Rombout Ceulemans alikuwa jaji wa mashindano ya kuimba ya kanari, wale ndege wadogo wa kufugwa, na alikuwa kiziwi. Wafugaji wote wa mji wa Mechelen walilijua hilo. Yeye peke yake alilihesabu kuwa uvumi. Masikio yake aliyaulia kiwandani, kwenye misumeno ya kuchania mbao za fanicha. Walipogawiwa vizibo vya masikio, alisema vizibo ni vya chupa. Wenzake wakacheka. Kwa kicheko hicho kimoja akatoa masikio mawili, na hakuona kuwa amepunjwa.

Kanari za kwao haziimbi kwa kupayuka. Huimba mdomo umefumbwa, sauti nzito inayobubujika kama maji kwenye birika. Jaji huketi mbele ya kizimba, kimlango kikafunguliwa, akasikiliza na kutoa alama. Rombout alikuwa ameacha kuyasikia maji hayo zamani. Alitazama koo. Koo likivimba na kutetemeka, alama zilipanda, likitulia, zilishuka. Hakumwambia mtu, hata nafsi yake.

Jumapili moja binti yake Veerle, anayechunguza masikio ya ndege chuo kikuu, alikuja kula kwao.

"Baba, vaa kifaa cha kusikia."

"Kifaa ni cha wazee."

"Na wewe ni kijana wa wapi?" akauliza Godelieve, mkewe, akimpakulia supu ya kuku yenye vidonge vya nyama.

"Umesemaje?"

"Nimesema ule, supu inapoa!"

Veerle akainua sauti. "Baba, ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo. Ndizo zinazonasa sauti. Kelele huziua. Kwa binadamu zikifa zimekufa. Lakini kwa kuku, zikifa, seli za jirani hugawanyika, nyingine hujigeuza, na mpya zinaota. Baada ya wiki chache anasikia tena. Samaki hivyo hivyo, na chura."

Katika maneno yote hayo, Rombout alinasa moja: zinaota. Kiburi ni chujio la ajabu. Hupitisha asali tu.

"Basi na zangu zitaota."

"Za kuku, Baba! Huyo uliye naye kwenye bakuli!"

"Nimeishi na ndege maisha yangu yote, binti yangu."

"Hata kuishi na farasi hakumwotishi mtu mkia," akasema Godelieve.

"Na hizo kanari zako," Veerle akaendelea, "zimezaliwa na kasoro. Seli zao zinaota daima, na nyingi bado zinatoka mbovu. Ninyi wafugaji mlichagua sauti nzito kizazi baada ya kizazi, na uziwi ukapita humo humo mkiupigia makofi."

Rombout aliomba chumvi. Wiki ile akaanza kunyunyiza mbegu za kulishia kanari juu ya mkate wake wa siagi, akazitafuna kwa subira ya mtu anayengoja mavuno.

Mashindano yalifanyika majira ya baridi, katika ukumbi ulio juu ya baa. Emerence, mjane, alileta ndege wa mwisho wa ukoo alioufuga marehemu mumewe. Ndege yule aliimba mpaka watu wakaacha kunywa bia. Koo lake, kwa bahati mbaya yake, lilitikisika kidogo tu. Kisha ikaja zamu ya mfugaji mwingine, Lowie Tistaert, ambaye ndege wake alikuwa ameingiwa na utitiri, vijidudu vya kooni. Ndege alikaa akitweta, mdomo wazi, shingo ikipanda na kushuka, bila sauti yoyote. Rombout akafumba macho nusu kwa raha, akampa ushindi.

Lowie mwenyewe akasimama, uso mwekundu.

"Rombout, bwana, ndege wangu hajaimba. Anaumwa. Nilitaka kumwondoa."

"Asante, Lowie. Ameimba vizuri sana."

Hakuna aliyecheka. Emerence alikifunika kizimba chake kwa kitambaa, akasogea mpaka usoni pa jaji ili jaji amsome midomo. "Mume wangu alimlea baba yake huyu ndege kwa mkono, Rombout. Na wewe umempa alama za mgonjwa."

Mwenyekiti wa chama cha wafugaji akamwekea sharti: avae kifaa, au kiti cha ujaji apewe mwingine. Kiti kile Rombout alikipenda kuliko kitanda chake. Akavaa. Veerle alimfungia mwenyewe nyuma ya sikio, kisha yeye na mama yake wakampeleka kwenye chumba cha ndege wake nyumbani.

Kanari zake zilikuwa zikiimba, makoo yamevimba vizuri kweli. Na sauti iliyotoka humo ilikwaruza kama msumari kwenye bati. Miaka yote alikuwa akizalisha zile zenye koo kubwa na kuuza zenye koo tulivu.

"Tangu lini ziko hivi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Muda mrefu, mume wangu," akajibu Godelieve. "Nilikuwa nikikwambia kila masika."

Rombout akakivua kile kifaa, akakitia mfukoni, akavuta kiti na kuyatazama makoo. Uso wake ukalainika.

"Kilikuwa kibovu," akasema. "Sikilizeni sasa."

Godelieve akaenda sebuleni, akampigia simu mwenyekiti kumwambia atafute jaji mwingine. Hakuwa na haja ya kunong'ona.