Shahidi wa Pili

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama kuna mtu anayeniudhi na kunichekesha kwa wakati mmoja, basi ni yeye. Atakupima kiuno kwa macho ukiwa bado mlangoni, akuambie umenenepa kabla hujamaliza kupiga hodi. Nilipoolewa na kaka yake nilionywa kwamba wifi huyo ni moto. Nilimkuta kweli ni moto, ila ni wa kupikia.

Mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa, kwa hiyo kitambaa hukibana kwa kiwiko anaposhona. Aliyeuvunja ni mumewe wa kwanza, dereva wa lori, kwa sababu chakula kilichelewa. Nasema wa kwanza kwa kuwa wa pili alikuwa njiani. Huyu wa pili ni fundi bomba aliyefiwa na mkewe. Alikuja kuziba bomba letu la uani, akawa anarudi kila siku kulikagua, na bomba lenyewe lilikuwa kavu siku zote hizo. Nikamwambia wifi, "Bomba limepona zamani, anayevuja sasa ni fundi." Akanirushia mto wa sindano.

Lakini wifi alikuwa na wimbo mmoja ulionichosha: "Mimi niliachwa." Dereva alikwenda mahakamani, akamwacha, naye hata kuitwa hakuitwa. Habari ilimfikia kwa mama yake, mkono ukiwa kwenye plasta. Ikipita miezi miwili mitatu ataacha kushona ghafla, aangalie dirishani, aseme, "Wifi, mimi nilikosa nini?" Nilikuwa nachemka. Mtu kakuvunja mfupa, halafu unacholilia ni kuachwa!

Mama yao, yaani mama mkwe wangu, anauza maharage na nafaka sokoni, na soko zima linamwita Mizani. Hapunji hata punje. Hasemi uongo hata ule mdogo wa adabu. Siku ya kwanza nilipopika katika nyumba ile, wageni wakisifu, yeye alisema mbele yao wote, "Kimeungua, na chumvi imezidi." Mwanangu alipozaliwa alimshika, akamgeuza, akasema ana masikio makubwa. Ni makubwa kweli, lakini nani kamuuliza? Watu wakigombana sokoni huletwa kwake, na akishasema, yameisha. Wifi aliwahi kuniambia kwamba mama hakuwa hivyo zamani, kwamba uzee ndio umemnyoosha. Sikumwamini. Niliona kwamba mti ulionyooka vile ulichipuka umenyooka.

Basi, siku ya ndoa ikapangwa. Wakaenda kwa msajili wa ndoa, naye akataka nakala ya amri ya talaka yenye muhuri wa mahakama. Wifi akasema hajawahi kuiona hiyo karatasi, alibaki nayo dereva, na dereva hajulikani aliko. Msajili akafunga faili lake.

"Mama, bila nakala, kwangu mimi wewe bado ni mke wa mtu."

Wifi alirudi nyumbani uso umempauka. Fundi bomba alikuwa ameshapaka rangi chumba. Tukamuuliza Mizani ni mahakama gani iliyovunja ndoa ile. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Makaratasi ya zamani ya nini? Mwambieni huyo msajili amwapishe, yaishe."

"Mama, hataki kiapo. Anataka karatasi."

"Ile ya karibu na stendi," akasema, kisha akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala mchana kweupe. Nikadhani ni presha.

Masijala ya mahakama ni chumba kirefu kilichojaa majalada mpaka darini, yamefungwa kwa kamba kama mizigo ya safari. Karani alikuwa amevaa sweta hata na joto lile.

"Namba ya kesi?"

"Hatuna."

"Mwaka?"

"Mwaka aliovunjwa mkono," nikasema.

"Mama, hapa hatupangi kwa mikono." Lakini alikuwa mtu mwema. Alitafuta jina la wifi upande wa wadai, hakuliona. "Nani alifungua kesi?"

"Yeye mwanamume. Mimi niliachwa," wifi akajibu. Hata pale!

Kwa jina la dereva kesi ikaonekana. Tukaambiwa tuandike barua ya maombi, tuambatishe nakala ya kitambulisho, tulipie, turudi wiki inayofuata. Tuliporudi, jalada lilikuwa stoo. Tuliporudi tena, mwenye ufunguo wa stoo alikuwa msibani. Tulizungushwa kama pia, siku ya ndoa inakaribia, na fundi bomba kila jioni anauliza "Imepatikana?" kwa sauti inayozidi kupungua.

Mwishowe jalada likashuka, lina vumbi la kutosha kupanda mchicha.

"Mnataka amri peke yake, au na hukumu, au na mwenendo wa kesi pia?"

"Mwenendo ndio nini?"

"Yote yaliyosemwa mahakamani, na aliyeyasema. Kwa msajili amri inatosha. Ni karatasi moja."

Wifi alikuwa amechoka na nenda-rudi. "Toa vyote. Nisije nikaambiwa imepungua moja, nianze upya."

Siku ya kuchukua, tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Amri ilikuwa juu, na muhuri wake mwekundu. Wifi akaibusu. Akacheka, akanipiga begani, akasema, "Sasa naolewa, na wewe utafute gauni, usije ukaniaibisha." Kisha, kwa kuwa ana ukorofi, akafungua huo mwenendo amsome dereva kwa sauti ili tumcheke.

"Mdai anaomba ndoa ivunjwe kwa sababu ya ugoni wa mdaiwa." Akacheka zaidi. "Ugoni! Mimi! Na mkono wa plasta!" Akafunua ukurasa. "Shahidi wa kwanza, mdai mwenyewe. Huyu tunamjua. Shahidi wa pili wa mdai..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Soma basi," nikasema.

Hakusoma. Nikamnyang'anya. Shahidi wa pili wa mdai, muuza nafaka, mama mzazi wa mdaiwa. Ameapa na anasema: Mdaiwa ni binti yangu wa kumzaa. Ana mwanamume mwingine. Nimemwona kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyemwambia mkwe wangu.

Nilisoma tena polepole, kidole chini ya kila neno, labda nimekosea mstari. Jina lilikuwa lake. Saini ilikuwa yake, ile ya herufi kubwa anayoweka kwenye madaftari ya wanangu. Nikafunua mbele kutafuta pa kushika, nikakuta pabaya zaidi: hati ya wito ilipokelewa na mama mzazi wa mdaiwa, ambaye aliahidi kuifikisha. Na katika hukumu, hakimu ameandika kwamba mahakama haioni sababu yoyote ya mama kumsingizia mwanawe mwenyewe, hivyo inamwamini shahidi wa pili.

Mizani! Mwanamke aliyekataa kusema chakula changu ni kitamu!

"Mama?" akasema wifi, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili.

Hatukupanda gari. Tulitembea. Njiani alisema neno moja tu, kwamba dereva aliwahi kumpigia kelele sokoni, "Kamuulize mama yako!" naye akadhani ni tusi kama matusi mengine.

Mizani alikuwa uani anachagua mawe kwenye maharage. Aliona bahasha, akaona unene wake, akajua. Wifi akaziweka karatasi juu ya ungo.

"Mama, ulinisingizia ugoni?"

Nilimwomba Mungu akatae. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilimwomba yule mwanamke aseme uongo.

"Ndiyo."

"Mahakamani? Umeapa?"

"Nimeapa."

"Mtaa mzima uliniita malaya, nikadhani ni kwa kuwa nimeachwa! Sikwenda kisimani mwaka mzima. Nililia mbele yako, nikakuuliza nimekosa nini, na wewe ukanifuta machozi!"

"Nilikufuta."

"Kwa nini?"

Mizani alitoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa. "Ulikuwa umeshafunga mzigo. Plasta haijatoka, na mzigo uko chini ya kitanda, unamsubiri aje akuchukue. Mara ya kwanza alikurudisha jicho limefumba. Mara ya pili, meno. Kila mara nilikusihi, na kila mara ulikwenda. Nikaona mara ijayo nitaletewa ndani ya shuka. Wewe hukuwa tayari kumwacha, na yeye hakuwa tayari kukuacha. Nikatafuta neno ambalo mwanamume yule hawezi kulimeza."

"Nilikuwa nampenda."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Wifi akainua uso, macho mekundu.

"Na hii mizani yako? Zamani ulikuwa unaweka maharage ya mwaka jana chini na mapya juu. Nilikuwa nakuona."

"Nilikuwa naweka. Nilidanganya wateja, nilimdanganya baba yako, kama watu wote. Siku ile niliporudi mahakamani nilijiambia kwamba uongo wangu wa maisha yote nimeutumia pale. Umekwisha. Sina mwingine."

Hapo nilielewa kile chakula kilichoungua, na masikio ya mwanangu, na kila neno kavu lililowahi kuniliza katika nyumba ile. Niliona haya, kisha nikaona hasira, kisha sikujua naona nini.

"Ingekuwa leo, ungesema tena?" wifi akauliza.

"Ningesema."

Wifi alikaa chini kwenye saruji, na gauni lake zuri. Akasema yeye ndiye aliyempenda yule dereva, kwa macho yake mwenyewe. Akasema alidhani anamjua mama yake, aliyeishi naye maisha yote, na kumbe hakumjua. Basi huyu wa bomba atamjuaje? Chumba kimepakwa rangi, muhuri umepatikana, na yeye hawezi tena kuyaamini macho yake.

Akazikusanya karatasi.

"Mama. Fundi bomba ni mtu mwema?"

Mizani aliangalia lile bomba la uani kwa muda mrefu, kama anavyongoja mshale wa mizani utulie.

"Anaingia ndani na viatu vya matope," akasema. "Anakoroma, maana alilala hapa kibarazani siku ya mvua nikamsikia. Pesa hajui kuitunza. Ni mwema."

Wifi akaanza kulia, kilio cha sauti, mabega yote yanatikisika. Mama yake hakunyoosha mkono kumfuta.

"Sijakusamehe," wifi akasema.

"Najua."

"Leo sijakusamehe."

"Sawa, mwanangu."

Wifi akajifuta kwa kiwiko, akavuta ungo upande wake, akaanza kutoa mawe. Mimi nikaingia ndani kumwambia mume wangu ndoa ipo.