Safura, Choo na Watani Wetu

Enzi za Mwingereza, mimi na mume wangu tulihama Kisarawe tukaenda kufanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Kibaha. Yeye alikata majani; mimi nilianika nyuzi juani pamoja na wanawake wengine. Mama mkwe alitufuata mwaka wa pili, akisema hawezi kuniachia mwanawe nimlishe nipendavyo.

Mwaka huohuo mume wangu akaanza kuvimba uso. Akikata mafungu machache tu, anahema kama aliyepanda mlima, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Kambini walikuwapo wengi wa namna hiyo. Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati ya shamba, kijana mpole mwenye kaptura iliyonyooshwa vizuri, akasema ni safura: minyoo midogo inayoingilia nyayoni, maana tunajisaidia vichakani kisha tunapita pekupeku palepale. Meneja akaamuru tukusanyike kila Jumamosi baada ya kazi, tufundishwe.

Siku ya kwanza dresa alianza vizuri. Kisha, akitaka nasi tuseme, akamgeukia mama mkwe wangu.

"Mama, wewe asubuhi unakwenda kujisaidia wapi?"

Mbele ya wakwe! Mbele ya wanaume wa watu! Mama alijifunika khanga usoni, akainuka, akaenda zake. Wanawake wote tukamfuata. Jumamosi iliyofuata dresa aliyahubiria mabenchi.

Jumatatu alinijia uwanja wa kuanikia. "Dada, nimekosa nini? Sikumtukana mtu."

"Umetukana, kaka. Maneno yale yana mwenyewe."

"Nani?"

"Mtani."

Alikuwapo Mnyamwezi mmoja, mtu mzima, aliyefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtu huyo aliweza kuchukua samaki chunguni mwangu nami nisikasirike. Dresa akakaa naye jioni mbili, akamweleza habari yote ya minyoo.

Jumamosi ile watu walijaa kwa kusikia tu kwamba mtani atasema. Akasimama, akatutazama kwa huruma.

"Poleni, Wazaramo. Nasikia mnakufa kwa kukanyaga mlichokila jana."

Kicheko hakijaisha, mama akawa ameshasimama. "Mnyamwezi wee! Toka Tabora hadi hapa umekuja kwa miguu. Njiani ulipita vyoo vingapi?"

"Hata kimoja, bibi. Ndiyo maana mahindi ya njia ile yamestawi."

Dresa alitaka kuwanyamazisha, nikamvuta shati. Maana katikati ya matusi yale maswali yalikuwa yameanza kutoka. Shimo liende chini kiasi gani? Makubazi yanatosha kuzuia minyoo? Mama mwenyewe akauliza choo kikae mbali kiasi gani na kisima. Dresa akajibu moja moja, jasho likimtoka kwa furaha. Kisha mkataji mmoja akasema vyoo vilivyopo viko nyuma ya ofisi. Nani ataacha mkonge shambani aende kote huko? Hilo dresa hakuwa amelifikiria. Akalipeleka kwa meneja, tukapewa sepetu na ruhusa ya kuchagua mahali wenyewe.

Ikawa mashindano ya kuchimba kati yetu na Wanyamwezi wa kambini. Sisi tulimaliza siku moja kabla ya Wanyamwezi. Lakini wao waliweka mfuniko wa mbao wenye mshikio. Mama alikwenda kuukagua, akarudi, akaamuru nasi tutengeneze.

Halafu ikaja siku ya dawa. Tulinyweshwa kambi nzima asubuhi moja, pamoja na haluli ya kusafisha tumbo, na hakuna aliyefikiria kutugawa kwa zamu. Saa nne foleni ya choo chetu ilikuwa imefika jikoni kwangu. Mtani akaja mbio kwenye choo chetu, amejishika tumbo. Mama alikuwa amesimama mlangoni kama askari.

"Nenda kwenu!"

"Bibi, leo kwenu na kwetu ni kumoja!"

Akampisha aingie, tena kabla ya mwanawe wa kumzaa aliyekuwa akingoja zamu. Nilicheka hadi nikakaa chini, na kukaa chini saa ile hakukuwa jambo la busara.

Baada ya miezi michache damu ilirudi viganjani mwa mume wangu. Akawa anamaliza kazi kabla ya adhuhuri, na kulalamikia mchuzi wangu kwa nguvu zote. Dresa akaniomba niwe nakaa naye zahanati wanapokuja wanawake wageni, niwaeleze kwa maneno yetu ya kike. Nikafanya hivyo miaka yote tuliyoishi pale.

Mkataba wa mtani ulipokwisha, mama alimfungia unga wa muhogo wa safari.

"Huu ni wa mkeo. Usiumalize njiani."

"Bibi, unalia?"

"Moshi huu," alisema mama, na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.