Chumvi ya Kichina

Siku hizi chumvi ya Kichina inauzwa kila duka, kwa vipakiti vidogo, na watoto wangu wanainyunyiza hata kwenye mayai. Mimi siitii katika chungu changu. Wanadhani ni ukaidi wa uzee, nami nawaacha wadhani hivyo.

Kwetu Ng'ambo, Unguja, iliingia mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mchele ulikuwa wa foleni na nyama ilikuwa ya kusikia tu. Mama yangu alikuwa mfagiaji wa wodi hospitali, walikofanya kazi madaktari wa Kichina. Daktari mmoja, mwanamke mfupi mwenye Kiswahili cha maneno kumi, alimpa kikopo cha unga mweupe, chembe zake ndefundefu, zinang'aa kuliko sukari. Alimwonyesha kwa vidole: kidogo tu, chunguni.

Mama alikipokea kwa ajili ya bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nasi. Tangu nyama ipotee, bibi alikuwa akigusa chakula na kukisukuma, na alikonda mpaka bangili zikamvuka mkono zenyewe. Jioni moja ya Ramadhani mama alipika ndizi za nazi, akatia ule unga. Bibi alipofuturu alifumba macho.

"Nyama umeipata wapi, mwanangu?"

Mama angeweza kusema kweli. Lakini aliona sahani imekwisha, akasema, "We kula tu, mama. Mungu karuzuku."

Basi, uongo wenyewe ulikuwa huo. Siku kumi na zaidi bibi alikula akashiba, na kila jioni alimwombea mama dua kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Nilizipenda sana dua zile.

Ila bibi hakuwa mtu wa kula nyama peke yake huku majirani wanafuturu muhogo mkavu. Alijaza bakuli, akanituma nilipeleke mlango wa pili, kwani ndiyo desturi yetu kupelekeana futari. Jirani alionja, akanitazama.

"Mama'ko ananunua bucha gani hiyo, sie tusiyoijua?"

Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilielewa anachokusudia: mama mwizi, au ana mambo ya magendo. Damu ikanipanda.

"Si nyama," nikasema. "Chumvi ya Kichina. Mama kapewa na daktari."

Alitema kiganjani. "Astaghfirullah! Si wanasema ile mafupa ya nguruwe yaliyosagwa?"

Alijitupia kanga, akafika kwa bibi kabla yangu. Bibi alisukutua kinywa mara saba, mara moja kwa maji ya udongo, kama inavyotoharishwa najisi. Tangu hapo hakula tena chochote kilichotoka mkononi mwa mama. Alifuturu maji na muhogo aliojichomea mwenyewe kwenye seredani yake ya makaa.

Kesho yake mama alimwendea daktari kumuuliza unga ule umetengenezwa kwa kitu gani. Daktari alikosa neno, akachora kwenye karatasi shuke la ngano. Mama alirudi mbio, karatasi mkononi. Lakini Unguja ngano twaijua ikiwa unga ndani ya gunia, shambani hatujaiona. Bibi aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu mpunga," akasema. "Juzi nyama, leo mpunga. Kesho utanambia nini?"

Mama aliapa, akalia. Bibi alimrudishia karatasi.

"Nguruwe mie sikumjua, Mungu atanisamehe. Lakini wewe ulijua kama si nyama, ukaniacha nnashukuru."

Siku ya Idi mama alikwenda kusimama bucha tangu alfajiri, akapata mfupa mmoja wa muundi. Aliuchemsha kwa chumvi na ndimu tu, akauweka mzima ndani ya bakuli ili bibi auone kwa macho yake. Bibi aliupeleka mchuzi mdomoni. Midomo haikufunguka, kijiko kikarudi.

"Mie nshakusamehe, mwanangu. Kinywa ndo hakitaki."

Mfungo mosi, mwezi ule ule wa Idi, haukwisha, tukamzika.

Mama hakunigombeza hata siku moja, na laiti angenigombeza. Ila tangu hapo kila alipomwandalia mtu chakula, alitaja kwanza kilichomo. Hata chai: "Maji, majani, sukari." Wageni walicheka. Mimi nilikuwa natoka nje.

Aliishi miaka mingi namna hiyo. Alipokuwa mgonjwa wa kitandani nikawa namlisha mimi. Siku moja nilimpelekea kijiko cha uji, akafunga mdomo, akanitazama tu. Nilidhani hana hamu. Kisha nikafahamu anasubiri nini.

"Maji," nikamwambia. "Unga wa mtama. Chumvi kidogo."

Akafungua kinywa.